Kazi Ambazo Mtoto wa Dodoma Hajawahi Kuziona, na Kitabu Kinavyomfikisha Huko

Ingia kidato cha kwanza cha shule yoyote ya kata hapa Dodoma, uwaulize watoto wanataka kuwa nani. Utasikia daktari, mwalimu, rubani, mwanajeshi, mwanasheria, na siku hizi waziri, maana tangu Serikali ihamie huku misafara ya viongozi wanaiona wenyewe. Si majibu mabaya. Ila darasa la watoto 60 likitoa kazi sita, ujue wametaja zile walizoziona kwa macho au kuzisikia zikisifiwa nyumbani. Mtoto wa Bahi au Chamwino hajawahi kumwona mtu anayepima udongo, anayesoma miamba, anayechora ramani ya viwanja au anayekagua maji maabara, na watu hao wote wanafanya kazi ndani ya mkoa wake.

Kitabu kinaweza kuziba pengo hilo, lakini si kila kitabu na si kila namna ya kusoma. Nimeona nilisisitize hili mapema kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi: mtoto hapati hamu ya kazi kwa kusoma kwamba kazi hiyo ni nzuri. Anaipata anapoiona siku ya kazi yenyewe. Mtu huyo anashika nini mkononi? Anaamua jambo gani? Akikosea, nini kinaharibika? Aliyeambiwa kuwa uhandisi una heshima hana cha kushika. Lakini aliyesoma kurasa mbili za jinsi fundi anavyonyoosha kona ya msingi wa nyumba, kwa kupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha kuhakikisha kamba inayounganisha ncha hizo mbili ni mita 5 kamili, huyo ana kitu. Akipita penye ujenzi atasimama aangalie. Na siku mwalimu wa Hisabati atakapofika kwenye pembetatu mraba, atajua somo hilo linaishi wapi.

Walimu wengi wakisikia habari ya usomaji hufikiria hadithi na riwaya, wakisahau vitabu vya kiada vilivyo tayari kwenye madawati. Mimi ningeanzia hapo, hasa kwenye shule isiyo na maktaba. Karibu kila sura ya kitabu cha kiada ni mlango wa kazi fulani, ila mlango huo hufungwa kwa sababu sura inasomwa kwa ajili ya mtihani tu.

Chukua ramani. Ramani ya skeli ya 1:50,000 maana yake sentimita 2 kwenye karatasi ni kilometa 1 ardhini. Mwanafunzi hufundishwa kukokotoa umbali na kusoma kontua, ile mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi, anapata alama zake, basi. Mwalimu akiongeza swali moja tu, kwamba katika mji huu unaopimwa viwanja kila kukicha ni nani anaishi kwa kutumia hesabu hii, sura ileile inamleta mpima ardhi, mtaalamu wa mipango miji, mchoraji ramani na mhandisi wa barabara anayetazama kontua ili kujua maji ya mvua yatapita wapi. Hajabadilisha silabasi. Amepoteza dakika tano.

Au chukua Kemia. Dodoma ni mkoa wa zabibu, na zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kitabu kinaeleza uchachukaji kwa mlinganyo wa mstari mmoja: gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kaboni dioksaidi. Mtoto anakariri. Hajaambiwa kwamba kiwandani kuna mtu ambaye kazi yake ni kupima sukari ya maji ya zabibu kabla ya kuamua kama yako tayari, na kwamba mkulima wa Hombolo akivuna mapema mno, sukari itakuwa ndogo. Kuna familia zisizopenda mtoto ajifunze kwa mfano wa mvinyo, na msimamo huo uheshimiwe. Mfano wa hamira inayoumua unga wa maandazi unabeba kemia ileile.

Kwa mtu wa Dodoma, mfano ninaoupenda kuliko yote ni mpango wa karanga wa Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ilianza kufyeka pori la Kongwa ili kulima karanga kwa matrekta katika eneo kubwa mno. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji, majembe yakavunjika, karanga zikagoma kung'oka. Mvua zilikuwa haba na hazitabiriki. Mashine ziliharibika kuliko mafundi walivyoweza kuzitengeneza. Somo la Historia likifika kwenye uchumi wa kikoloni, mwanafunzi hutakiwa kutaja sababu na madhara. Sasa mwulize hivi: kabla ya trekta la kwanza kuwashwa, nani alipaswa kuulizwa? Darasa litakutajia mtaalamu wa udongo, mtaalamu wa hali ya hewa, mhandisi wa mitambo, mchumi wa kupiga hesabu za faida na hasara, na mtu wa usafirishaji. Na lisipomtaja mkulima wa Kigogo aliyeijua mvua ya Kongwa tangu utotoni, mwalimu amtaje, kwa sababu siku hizi kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuwasikiliza wakulima na kuyaingiza maarifa yao kwenye utafiti. Tukio moja la zaidi ya miaka 70 iliyopita limetoa kazi sita, na mtoto ameona kila kazi kupitia hasara iliyotokea pale mwenyewe alipokosekana. Hakuna bango la kusifia taaluma linaloweza kufanya hivyo.

Mifano ya namna hii haijaisha. Sura ya urithi katika Baiolojia inakwenda vizuri na ng'ombe wa Mpwapwa, waliopatikana kwa kuchanganya damu za ng'ombe wa kienyeji na wa kigeni kwenye kituo cha utafiti wa mifugo hukohuko Mpwapwa. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, inamleta mwanaakiolojia. Bwawa la Mtera linamleta mhandisi wa umeme.

Riwaya na tamthiliya zina nafasi yake pia, ila zinahitaji kusomwa kwa jicho lingine. Mtihani wa fasihi unamtaka mwanafunzi amshughulikie mhusika mkuu: sifa zake, dhamira, migogoro. Ukitafuta kazi, angalia wahusika wadogo. Karani anayeandika jina la mgonjwa, mkunga anayeitwa usiku, dereva wa lori, hakimu wa mahakama ya mwanzo, bwana shamba anayepita ukurasa mmoja na kutoweka. Hao ndio waliobeba kazi za kweli. Zoezi zuri ni kila mwanafunzi kuchagua mhusika mdogo mmoja, aandike nusu ukurasa kuhusu siku yake ya kazi kabla na baada ya kuonekana kwenye hadithi. Lisipewe alama. Likipewa alama tu, watoto wataandika kile wanachodhani mwalimu anataka.

Wasifu wa watu mashuhuri nao una mtego. Sura ya kwanza mtoto anachunga mbuzi, sura ya tano ni profesa. Katikati kuna miaka 20 iliyomezwa, na miaka hiyo ndiyo mwanafunzi anayoihitaji. Dawa ni mstari wa miaka: chora mstari kwenye daftari, weka mwaka wa kuzaliwa, wa kuanza shule, wa kufeli kama alifeli, wa kupata kazi ya kwanza, na ni nani alimlipia. Pale kitabu kinaponyamaza, weka alama ya kuuliza. Mwanafunzi akiona kwamba kati ya kidato cha nne na jina kubwa kuna kazi ndogo tatu na mtihani uliorudiwa, ndoto yake haitavunjwa na matokeo mabaya ya mara moja.

Kipindi chenyewe

Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Tano za kugawa vitabu, 25 za kusoma kimya, kumi za kuandika na kuzungumza. Mwalimu naye asome, asikae anasahihisha madaftari, kwa sababu watoto wanamtazama. Vipindi viwili kwa wiki ni dakika 50 za kusoma. Mwanafunzi anayetumia dakika mbili kwa ukurasa wa Kiswahili atasoma kurasa 25 kwa wiki. Kwa Kiingereza, akitumia dakika tatu au nne, atapata kama 15. Kwa hiyo kijitabu cha kurasa 60 kinamalizika ndani ya wiki tano hata kwa msomaji wa polepole. Vitabu vinene viachwe kwanza. Mtoto anayemaliza kitabu chembamba anaomba kingine, na aliyekwama ukurasa wa 40 wa kitabu kinene anajiona mjinga.

Lugha ndiyo inayokwamisha wengi. Watoto wetu wengi wanatoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na Januari wanakutana na Baiolojia kwa Kiingereza. Tumia kanuni ya vidole vitano: asome ukurasa mmoja, kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu ni kigumu mno kwa kusoma peke yake, akisome na mwenzake au achukue kingine. Habari za kazi zianze kwa Kiswahili bila aibu yoyote. Akishajua kwa Kiswahili mtaalamu wa maabara anafanya nini, Kiingereza cha sura hiyo kitamwingia haraka zaidi, kwa sababu kitu anachosomewa anakijua tayari.

Kila mwanafunzi awe na daftari moja la kazi, kaunta buku ndogo ikiwezekana. Kwa kila alichosoma ajibu maswali matano, yasizidi ukurasa mmoja. Nani anafanya kazi hapa? Anatumia vifaa gani? Anaamua nini ambacho wengine hawaamui? Akikosea, nani anaumia? Alijifunzia wapi na kwa muda gani? Msiwape kazi ya kuandika muhtasari. Muhtasari unanakiliwa kwa jirani ndani ya dakika tatu, ila swali la nne halinakiliki kirahisi, kwa sababu mara nyingi halimo kitabuni na mtoto analazimika kufikiri.

Swali la tano likikosa jibu, ndipo mgeni anapoalikwa. Mgeni mmoja kwa mwezi anatosha, na darasa liwe limesoma kwanza. Mwambie aje na vifaa vyake, hotuba aiache nyumbani. Mpima ardhi aje na kifaa chake cha kupimia, muuguzi aje na kipimo cha shinikizo la damu, fundi umeme aje na mita yake. Na maswali yaandaliwe. Ukiuliza "unatushauri nini sisi vijana?" utajibiwa tusome kwa bidii. Uliza: jana saa mbili asubuhi ulikuwa unafanya nini? Ni sehemu gani ya kazi huipendi? Mwaka wa kwanza kazini ulikosea nini? Somo gani la sekondari unalitumia kila wiki? Majibu ya hapo ndiyo yanayobaki kichwani.

Kama shule iko karibu na mjini, safari ya Maktaba ya Mkoa ya Dodoma iwe mara moja kwa muhula, ikiwa na kazi maalumu. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey, yaani kila mada na namba yake, na mtoto akizijua chache hapotei: 340 ni sheria, 370 elimu, 550 jiolojia, 610 tiba, 620 uhandisi, 630 kilimo, 636 mifugo, 657 uhasibu, 690 ujenzi, 720 usanifu majengo. Zabibu ziko 634.8. Mpe kila mmoja namba ya kazi anayoitaja na namba ya jirani yake, achukue kitabu kimoja kwenye kila rafu. Aliyekuja na udaktari akarudi amesoma pia habari za mifugo ameongeza mlango bila kufunga ule wa kwanza.

Kutoka kitabuni hadi kwenye masomo

Hamu isiyounganishwa na masomo inageuka majuto. Mtoto anasema daktari kwa miaka mitatu, kumbe aliiacha Fizikia alipoingia kidato cha tatu. Kwa hiyo usomaji wa kazi ufanyike kwa nguvu kidato cha kwanza na cha pili, kabla ya kuchagua masomo. Kwa shule zilizoingia mtaala mpya, mkondo wa jumla na wa amali, yaani wa ujuzi wa kazi, hutenganishwa mapema zaidi, na hapo hata darasa la sita na la saba si mapema mno.

Mwishoni mwa kidato cha pili, mwanafunzi achukue kazi tatu kutoka kwenye daftari lake na kuandika chini ya kila moja masomo yasiyokwepeka. Udaktari unapitia PCB, yaani mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wa kidato cha tano na sita. Uhandisi ni PCM, yenye Hisabati badala ya Baiolojia. Kilimo na mifugo kuna CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) na PCB. Sheria inakubali HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) na nyingine. Halafu aandike njia ya pili, ile ya cheti na diploma baada ya kidato cha nne, kwa sababu si kila anayefika anapitia kidato cha sita. Tabibu, kwa mfano, anaweza kuanzia diploma akiwa na ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Miongozo ya udahili ya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, na ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, hutolewa kila mwaka na kupatikana mtandaoni. Mwalimu wa taaluma achapishe kurasa zinazohusu kazi zilizotajwa na darasa lake, azibandike ukutani. Asitumie mwongozo wa miaka mitatu nyuma, vigezo hubadilika. Daftari hilohilo ndilo lifunguliwe kidato cha nne siku ya kujaza Selform, fomu ya kuchagua michepuo na vyuo vya baada ya kidato cha nne, maana fomu hiyo hujazwa kwa haraka na wengi hunakili chaguo la rafiki.

Kuna mtoto atakayeandika rubani huku Hisabati yake ni F, yaani chini ya 30. Msimwambie hawezi. Mwonyesheni kwamba C huanzia 45, mhesabu pamoja alama zinazopungua, na mada zipi za vitabu vya nyuma zinarudisha alama hizo. Wakati huohuo mfungulieni kurasa za kazi nyingine za uwanja wa ndege. Nimeona walimu wakiamini kwamba kumkatisha mtoto tamaa mapema ni kumhurumia. Si kumhurumia. Ni kumnyima sababu ya kufungua kitabu kesho.

Vitabu vilivyofungiwa

Shule nyingi zina vitabu ambavyo havisomwi. Vimegongwa muhuri, vimepangwa kabatini, na funguo anazo mwalimu mmoja anayeogopa vitapotea kabla mthibiti ubora hajaja. Woga huo naulewa, lakini kitabu kisichochakaa hakijafanya kazi. Weka sanduku la vitabu 25 ndani ya darasa, na wanafunzi wawili wa kulisimamia, msichana na mvulana. Daftari la kuazima liwe na safu nne: jina, namba ya kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Siku saba zinatosha. Kitabu kikipotea, usimfukuze mtoto akalete hela yote. Darasa zima litaona kwamba kuazima ni hatari, na sanduku litabaki limejaa hadi mwisho wa mwaka. Mpe kazi ya kukarabati vitabu vitano vilivyochanika, na ukae na mzazi mkubaliane.

Vitabu vya msaada vichambuliwe kabla ya kupangwa. Kitabu cha kompyuta cha miaka 30 iliyopita au cha sheria za nchi nyingine kinachukua nafasi na kumchosha msomaji. Ondoa bila huruma.

Mchwa wa Dodoma hawangoji. Rafu ya chini iwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, kabati lisiguse ukuta, na miguu yake ikae ndani ya makopo yenye oili chafu. Kagua nyuma ya vitabu kila wiki, kwa sababu mchwa huanza kula kutoka ndani na jalada hubaki zima. Vumbi la kiangazi lifutwe kwa kitambaa kikavu, kisicholowa. Majalada yavalishwe karatasi za kaki au nailoni, na kabati lisipigwe na jua la dirishani.

Na wasichana. Akifika nyumbani kuna maji ya kuchota, kuni, wadogo zake, na taa haipo au inatumika kwingine. Ukimwambia akasome nyumbani umemwambia asisome. Muda wake wa kusoma utafutwe ndani ya saa za shule, hata dakika 20 za mapumziko ya mchana, na sandukuni viwemo vitabu ambamo mwanamke anapima, anaongoza mashine, anaamua kesi. Hesabu vitabu vyako 25 uone vingapi viko hivyo. Kama ni viwili, anza kutafuta vingine kabla ya kununua riwaya mpya.

Shule isiyo na hata sanduku ianze Jumatatu na kitabu cha Jiografia kilichopo, sura moja, maswali matano ubaoni, na mtu mmoja wa kijijini ambaye kazi yake inafanana na sura hiyo. Mchimba visima anafaa sana kwa sura ya maji ya ardhini. Aje na ndoo yake na kamba, awaonyeshe amejuaje pa kuchimba.